Rangi Nyuma ya Lango 17

Jumatatu, 3 Juni

Leo Katibu wa chama chetu cha umwagiliaji amenipa kazi ya siku moja. Amesema hivi: "Weka tu rangi nyuma ya maandishi, mama, kesho tuizindue." Naandika hapa ili nisisahau alivyolitamka hilo neno "tu".

Kazi yenyewe ni hii. Mfereji wetu una malango ishirini na mawili, na kila lango lina shamba lake. Kiangazi maji hayatoshi, kwa hiyo hufunguliwa kwa zamu, na zamu hubadilika kila mara kulingana na maji yanayokuja kutoka juu na kiu ya mimea. Kila asubuhi Bi Funguo, yule mama anayeshika funguo za malango, huandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango wa ofisi ni lango gani la leo na lipi la kesho. Wakulima wanajazana mlangoni, wanasukumana, na Katibu hapati pa kupita na chai yake. Sasa anataka picha itakayofunguka kwenye simu ya kila mtu: mfereji, malango, na juu kabisa kibao kilichoandikwa "Leo: Lango" na namba. Herufi nyeupe, nyuma yake buluu, kama vibao vya barabarani. Mimi ndiye mchora ramani wa ofisi, basi imeniangukia.

Jumanne, 4 Juni

Haikuwezekana.

Jumatano, 5 Juni

Nimechora ramani miaka tisa na sijawahi kudharauliwa na kompyuta namna hii. Picha naichora kwa SVG, aina ya mchoro wa kompyuta, maana mstari wa SVG hauchakai hata uukuze vipi kwenye simu. Nikadhani maandishi yake yana rangi ya nyuma kama maandishi ya ukurasa wowote wa mtandao. Nikaandika amri ya rangi ya nyuma. Kimya. Nikabadilisha. Kimya. Nikaambia ijaze buluu, ikajaza herufi zenyewe, nyuma pakabaki peupe vilevile.

Mchana ndipo nikasoma mahali kwamba maandishi ya SVG hayana nyuma. Hayana kabisa. Ukitaka rangi, uchore mstatili wako mwenyewe na uuweke chini ya neno. Haya, nikachora. Neno likapotea. Nikahangaika saa nzima kabla sijaelewa kwamba kinachoandikwa mwisho ndicho kinachokaa juu, na mimi nilikuwa nimefunika maandishi yangu kwa mikono yangu. Nikautanguliza mstatili. Neno likaonekana, lakini mstatili ukawa mrefu mno kwa "Lango 3" na mfupi kwa "Lango 17". Mstatili haujui neno lina urefu gani, wala neno halijui kama kuna mstatili.

Katibu akachungulia mlangoni. "Bado rangi tu?"

Nilikuwa na hasira hadi masikio yakawa ya moto.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeshinda kwa kaka. Wamemaliza kuhamishia miche ya vitunguu kwenye Lango 17, wifi bado ana tope kwenye viwiko. Shamba lile lilikuwa la mama. Mwaka jana funza walilimaliza lote, hawakuvuna hata kikapu, na sheria ya chama inajulikana: shamba likikosa mavuno misimu miwili mfululizo, anapewa mwingine aliye kwenye orodha. Kaka halitaji jambo hilo. Wifi ndiye anayelitaja.

"Msimu huu usipotoa, wifi, matuta ya mama yatalimwa na watu tusiowajua."

Nikampa kaka simu yangu ya zamani, ina ufa kwenye kioo lakini inafanya kazi. Nikamwambia picha ikiwa tayari asipoteze tena asubuhi zake mlangoni pa ofisi, aangalie humo. Akaishika kwa mikono miwili na kunishukuru mara tatu. Kaka yangu ni mpole mno, mpaka wakati mwingine upole wake unaniudhi.

Jumatano, 12 Juni

Bi Funguo anapaka upya namba za malango. Nilimkuta Lango 6. Anaandika namba kwanza kwa chaki, anarudi nyuma hatua tano, anafumba jicho moja, anafuta, anaandika tena. Akiridhika ndipo anapaka rangi ya njano kuizunguka chaki, na mwisho kabisa namba yenyewe kwa nyeusi. Lango moja asubuhi nzima! Nikamuuliza kwa nini asipake njano kwanza lango zima, halafu aandike tu.

"Nitajuaje ya kutosha ni kiasi gani kabla sijaiona namba?" Kisha akauliza, "Na yako imefika wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu.

"Herufi nyeupe?"

"Ndiyo, mama."

"Zikitoka nje ya hiyo buluu zitaonekana?"

"Hazitoki."

"Haya," akasema, akarudi kwenye brashi yake. Ile "haya" yake imenikera kutwa. Huyu mama anapinga picha kwa sababu inamnyang'anya ubao wake, basi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimejaribu kichujio, ambacho kinamwaga rangi nyuma ya neno bila mstatili wowote. Kwangu kikafanya kazi, nikapiga makofi peke yangu ofisini. Lakini rangi inabana herufi kama nguo ya mwaka juzi, na kwenye simu ya Katibu maandishi yakawa na ukungu. Nimekitupa.

Ijumaa, 21 Juni

Upepo na vumbi. Sina la kusema.

Jumatatu, 1 Julai

Nimepata! Unauomba mchoro wenyewe ulipime neno na kukuambia urefu na kimo chake, unaongeza nafasi kidogo kila upande, halafu mstatili unachorwa kwa vipimo hivyo. Nimepima "Leo: Lango" kwa namba zote ishirini na mbili kwenye kompyuta yangu, nikaviandika vipimo vyote ndani ya picha vikae humo moja kwa moja. Kuna njia ya kuacha kila simu ijipimie yenyewe ikifungua, lakini hiyo ingenichukua siku mbili zaidi na Katibu ameshaanza kuniita "dada wa rangi" mbele ya watu. Nimechagua na fonti, yaani umbo la herufi, nyembamba na nzuri, nimeipakua mwenyewe. Kwenye skrini ya ofisi kibao kimekaa sawasawa.

Jumatatu, 8 Julai

Imezinduliwa. Ubao wa chaki umefutwa. Katibu amehutubia dakika ishirini na kazi yangu ameitaja kwa nusu dakika. Bi Funguo alisimama nyuma, funguo kiunoni, mkono mmoja mweupe kwa chaki.

Jumanne, 9 Julai

Kituko. Leo ilikuwa zamu ya Lango 14, lakini Mzee Wahi, mwenye Lango 1, alifika na jembe lake saa moja asubuhi akidai ni siku yake. Tunamwita Wahi kwa sababu hata misibani hufika kabla ya wafiwa. Bi Funguo akamrudisha. Akaja ofisini kulalamika kwamba simu yake imesema Lango 1. Nikamwonyesha skrini: kumi na nne, si hii hapa? Akaondoka akitikisa kichwa. Tumecheka ofisi nzima, na Katibu kasema mzee anatafuta maji ya wizi.

Alhamisi, 11 Julai

Mzee Wahi kaja tena na jembe! Safari hii sikucheka, nilimwambia avae miwani.

Ijumaa, 12 Julai

Jana ilikuwa zamu ya kaka na hakupata hata tone.

Nimejua leo mchana wifi aliponipigia akilia. Udongo umepasuka, majani ya vitunguu yameanza kulala. Nikaenda mbio. Kaka amekaa kwenye tuta, anasema jana aliangalia picha asubuhi, haikuwa siku yake, akaenda sokoni kutafuta magunia. Nikamwambia haiwezekani, niliandika mwenyewe kumi na saba. Akasema labda aliangalia vibaya. Labda! Kaka yangu akikanyagwa mguu yeye ndiye anayeomba radhi.

Nikamfuata Bi Funguo, alikuwa anatia grisi mnyororo wa Lango 9.

"Jana ulifungua kumi na saba?"

"Nilifungua saa nne. Hapakuwa na mtu. Nikampigia mara tatu, hapatikani. Nikangoja nusu saa, nikafunga."

"Ukafunga tu? Unajua shamba lile lina nini msimu huu?"

"Najua kuliko unavyodhani. Maji yakiingia bila mtu wa kuyaongoza yanavunja matuta, na sheria inasema nusu saa." Akajifuta mikono. "Binti, nenda kaiangalie hiyo picha yako."

Kaiangalie picha yako! Hapo ndipo nilipowaka. Nikaona kila kitu waziwazi: tangu mwanzo aliichukia picha, hakuwa amefungua lango lolote, alitaka ishindwe ili arudishiwe chaki yake. Nimerudi ofisini nikaandika barua ya malalamiko ya ukurasa mzima na nusu. Nimeisoma mara mbili na imenitoa machozi mwenyewe.

Jumapili, 14 Julai

Kaka amenipigia. Anasema vitunguu vimenyanyuka kidogo, wamepata maji. Nikamuuliza ya wapi, akasema "tumehangaika". Nadhani wamebeba kwa ndoo. Halafu akasema, "Mdogo wangu, ile barua ifute."

"Siifuti."

"Hujui mambo yote."

"Ninachojua ni kwamba wewe ni mpole na watu wamekuzoea." Nikakata simu. Sikufanya vizuri kumkatia, lakini nilikuwa nimechoka.

Jumatatu, 15 Julai

Barua imebandikwa mlangoni pa ofisi, ndivyo chama kinavyofanya na malalamiko. Bi Funguo amenyang'anywa funguo mpaka kikao cha tarehe ishirini na nne. Katibu amempa shemeji yake ashike kwa muda. Bi Funguo alizifungua kiunoni mwenyewe, akaziweka mezani moja moja, ishirini na mbili, akataja namba ya kila ufunguo. Kisha akatoka. Alipofika mlangoni alisimama akaisoma barua yote, mstari kwa mstari, mimi nikiwa ndani namtazama mgongo.

Nilidhani nitafurahi.

Jumatano, 17 Julai

Shemeji wa Katibu amefungua Lango 8 badala ya 5. Joto kali.

Ijumaa, 19 Julai

Zamu ya 17. Nimempigia kaka mwenyewe kwa mdomo wangu, na nimesimama shambani mpaka tuta la mwisho limelowa.

Jumapili, 21 Julai

Nitaandika polepole.

Tulikuwa kwa kaka, tumemaliza kula. Kaka akafungua ile simu niliyompa, akasema, "Leo Lango 2. Huyu wa Lango 2 msimu huu anaoga kwa maji, sisi tunayasikia tu." Nikasema si 2, leo ni Lango 21, nimeiweka mimi asubuhi. Akanipa simu bila kubishana.

"Leo: Lango 2."

Nikakitazama kile kibao. Herufi hazikuwa zangu, zilikuwa nene, pana. Fonti yangu nzuri iko kwenye kompyuta yangu peke yake, simu haina, basi simu imeweka ya kwake. Maneno yamerefuka. Mstatili haukurefuka, kwa sababu vipimo nilivipima kwangu nikavifunga humo humo. Lile 2 lilikuwa limefika ukingoni kabisa pa buluu. Baada yake pakawa peupe.

Nikabonyeza neno kwa kidole, kama unayetaka kulinakili, kivuli kikatokea nyuma yake. Na pale nje ya buluu, kwenye weupe, ikajitokeza 1. Ilikuwepo muda wote. Nyeupe juu ya nyeupe.

Nikamuuliza kaka tarehe kumi na moja, siku ya zamu yake, aliona nini. Akafikiri.

"Lango 1."

Na Mzee Wahi aliona Lango 1. Zamu ya Lango 14 aliona Lango 1, zamu ya Lango 17 akaona Lango 1, akabeba jembe lake mara mbili, na mimi nikamwambia avae miwani.

Wifi akaniuliza mbona nimekuwa hivyo. Nikawaambia. Kaka hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenitukana.

Jumatatu, 22 Julai

Nimefika ofisini kabla ya wote nikafungua daftari la malango, ambalo Bi Funguo hulijaza kila siku na mimi sikuwahi kulisoma. Limeandikwa kwa kalamu nyeusi, namba kubwa.

Julai 11. Lango 17. Nimefungua saa nne, nimefunga saa nne na nusu. Mwenyewe hayupo. Nimepiga simu mara tatu.

Yote aliyoniambia. Nikageuza ukurasa.

Julai 13. Lango 3. Halikufunguliwa. Zamu yangu nimempa 17.

Nikakaa chini. Lango 3 ni bustani yake mwenyewe, ana mboga na mahindi machache. Mimi nilishaandika barua tayari, na yeye alikuwa ameshasikia kwamba nimeiandika, maana hapa hakuna siri. Akampa kaka yangu maji yake.

Nikampigia kaka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua, utasema amenipa kwa sababu ana hatia."

Ni kweli. Ndivyo hasa ningesema.

Jumanne, 23 Julai

Nimerekebisha. Siku mbili nilizozikwepa tarehe moja nimezilipa leo kwa siku moja bila kula. Kila simu sasa inangoja herufi zake zifike, inalipima neno yenyewe, ndipo inachora mstatili. Na herufi ni nyeusi juu ya njano. Hata zikitoka nje, zitasomeka.

Nilipoiona njano ile na namba nyeusi nikatambua nimeiiga wapi.

Jumatano, 24 Julai

Kikao. Asubuhi Katibu aliniita pembeni. "Tuseme mtandao ulisumbua, mama. Kwa nini ujivue nguo mbele ya watu?" Nikamwambia mtandao haukuandika barua.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, wengine wako mashambani. Nikasimama nikaeleza: kosa ni la picha, picha ni yangu, lango lilifunguliwa, barua yangu ni uongo kuanzia mstari wa kwanza. Nikasoma kurasa mbili za daftari.

Mzee Wahi akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mimi sikuwa naiba maji?"

"Hapana, baba. Nisamehe."

"Na macho yangu ni mazima?"

"Mazima kuliko yangu." Watu wakacheka, naye akakaa ameridhika kabisa.

Bi Funguo alirudishiwa funguo. Alizihesabu. Nikamsogelea nikasema, "Mama, nimekukosea, samahani." Akauliza barua ilikaa mlangoni siku ngapi. Nikasema tisa.

"Haya," akasema, akaenda kufungua Lango 5.

Jumamosi, 10 Agosti

Bi Funguo hanijibu zaidi ya salamu.

Jumapili, 25 Agosti

Nimepita Lango 3. Matuta mawili ya mboga yamekauka, hayajang'olewa.

Ijumaa, 13 Septemba

Kaka amevuna! Magunia kumi na tisa. Kamati ya chama ilipita, ikaandika "limetoa", ikaenda zake. Ni neno moja tu, wifi alilisoma akaketi chini kwenye vitunguu akalia. Shamba la mama limebaki.

Jioni nikabeba gunia moja kwenye baiskeli hadi kwa Bi Funguo. Hakuligusa.

"La nini?"

"Shukrani, mama. Na samahani."

"Shukrani ya kaka yako alishanipa mwenyewe. Samahani yako waliisikia watu kumi na mmoja." Akaegemea mlango. "Barua yako imesomwa na kila mwenye miguu hapa kwa siku tisa. Mjukuu wangu aliisoma akitoka shule. Sasa mimi vitunguu nitavifanyia nini?"

Nikarudi na gunia. Limenilemea kwenye baiskeli na limenilemea kwingine, na hasira yangu leo yote ni juu yangu mwenyewe. Sikuwahi hata kufikiria mlango ule.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeandika kwa mkono, kalamu nene nyeusi, karatasi nyeupe kubwa. Niliyoyasema juu ya mshika funguo wetu tarehe 12 Julai ni uongo. Alifungua Lango 17. Picha yangu ndiyo iliyokosea. Alimpa kaka yangu maji yake na bustani yake ikakauka, nami nikamshtaki. Nikaweka jina langu lote. Nimeibandika mlangoni, pale pale, hata matundu ya pini ni yale yale. Katibu amelalamika kwamba inaharibu sura ya ofisi. Nikamwambia ni siku tisa tu.

Jumatatu, 23 Septemba

Siku ya tisa. Mawingu tangu asubuhi, na saa sita mvua ya kwanza imeanza kudondoka. Nilitoka kuibandua karatasi isilowe nikamkuta Bi Funguo amesimama mbele yake, baiskeli pembeni, maji yanamdondokea mabegani. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Aliisoma mpaka chini, kwenye jina langu.

"Hii mbona hukuiwekea rangi nyuma?"

"Nilitaka isomeke, mama."

Akaitazama tena. Kisha akaibandua mwenyewe, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya nguo isilowe, akapanda baiskeli.

"Lile gunia," akasema, "ulete kesho. Lisipite saa nne, nina malango ya kufunga."